Jinsi ya Kumuuliza Bwana Meyer Asili ya Jina Lake

Utakutana na Meyer. Usijidanganye kwamba utaponyoka. Uwe umekwenda Ujerumani kusoma, kuuguza wazee, kuuza kahawa au kutambulishwa kwa wakwe, yupo anakungoja: ndiye mwenye nyumba, ndiye daktari wa meno, ndiye jirani wa ghorofa ya chini anayegonga dari kwa mpini wa ufagio kila ukipika usiku. Siku moja mtaketi meza moja, mazungumzo yatakauka, nawe kwa wema tu utauliza: hivi jina lako lina maana gani?

Swali hilo lina kanuni zake. Hazijaandikwa popote na kila mtu anazifuata. Hapa zimepangwa hatua kwa hatua kwa faida ya mgeni. Zifuate zote. Utachemsha tu, lakini utachemsha kwa utaratibu.

Kwanza, usimpongeze kwa kuwa na jina la kipekee. Kwenye orodha za majina ya ukoo yaliyoenea Ujerumani, Meyer kwa kawaida hushika nafasi ya 6. Mbele yake wapo Müller msaga nafaka, Schmidt mhunzi, Schneider mshonaji, Fischer mvuvi na Weber mfumaji. Nyuma yake wanakuja Wagner fundi wa mikokoteni, Becker mwoka mikate, Schulz mkuu wa kijiji, Hoffmann mtu wa shamba la bwana, Schäfer mchunga kondoo, Koch mpishi, Bauer mkulima na Richter hakimu. Hesabu mwenyewe: majina 14, yote ya kazi au cheo. Ukisoma vibao vya kengele mlangoni mwa jengo la ghorofa, umesoma kijiji kizima cha karne ya 14, isipokuwa siku hizi Müller anauza bima na Schmidt anafundisha yoga. Hapo ndipo ilipo kanuni ya kwanza, ambayo hutaambiwa: jina la kazi halina kazi. Mwenyewe hasikii tena unga wala nyundo ndani yake. Anayesikia ni wewe mgeni. Tahadhari: usimwambie Bwana Koch kwamba unangojea kwa hamu kuonja mapishi yake. Ameshaambiwa hivyo tangu darasa la kwanza, na anajua kuchemsha mayai tu.

Pili, hakikisha tahajia kabla ya kugusa asili. Kuna Meyer, Meier, Maier, Mayer, Mayr na Mair, na sikioni mwako yote yatasikika jina moja. Kaskazini, hasa Niedersachsen, wamejaa Meyer na Meier. Ukishuka kusini-magharibi unaingia kwa kina Maier na Mayer. Bavaria na Austria kuna Mayr, na Tirol kuna Mair. Chimbuko lao ni moja. Usiseme hivyo. Kwa Meyer mwenye “ey”, Meier mwenye “ei” ni mtu wa ukoo mwingine, pengine hata wa malezi mengine. Ukimpigia simu atataja jina lake, kisha bila kuvuta pumzi atalitaja tena: Martha, Emil, Ypsilon, Emil, Richard. Usiulize hali za watoto hao. Hiyo ni alfabeti ya simu, na anayejua kuitumia amejikinga na nusu ya balaa za maisha. Mwaka 2022 orodha mpya ya majina ya miji ilitolewa kwa matumizi ya ofisini, kwa hiyo kwa taratibu mpya ni München, Essen, Ypsilon, Essen, Rostock. Wengi bado wako na Martha. Wewe andika, msomee ulichoandika, naye atasema sawa kabisa. Tahadhari: barua utakayotuma itakuwa na “Meier”. Atakujibu kwa adabu zote, na kwenye sahihi yake ile Y itakuwa imekolezwa wino mara mbili.

Tatu, uliza maana, kisha lipokee jibu la kwanza bila kulipekua. Bwana Meyer atajiweka sawa kitini na kukueleza kwamba jina lake linatokana na neno la Kilatini maior, yaani mkubwa zaidi, na kwamba hata cheo cha meya wa mji kimetoka huko huko. Ni kweli tupu. Itikia kwa kichwa. Alichokiruka ni swali dogo: mkubwa kuliko nani? Alikuwa mkubwa kuliko vibarua. Shamba lilikuwa la mtu mwingine, mfalme au askofu au monasteri au kabaila aliyekaa mbali, na maior ndiye aliyeamsha watu, kugawa zamu za kulima, kuhesabu kuku, mayai na magunia, na kuhakikisha fungu la bwana linafika likiwa kamili. Kwa lugha ya mashambani kwetu mtu huyo tunamfahamu: mnyapara. Upo waraka wa uendeshaji wa mashamba ya kifalme wa zama za Karolo Mkuu, karibu na mwaka 800, unaoitwa Capitulare de villis. Umeagiza mnyapara asipewe eneo kubwa kuliko analoweza kulizunguka kwa siku moja. Umeagiza pia asichaguliwe kutoka miongoni mwa watu wenye nguvu, achaguliwe mtu wa kadiri aliye mwaminifu. Sasa weka mambo hayo mawili pamoja kimoyomoyo. Huyu “mkubwa zaidi” aliwekewa sharti, kwa amri ya juu, la kutokuwa mkubwa. Tahadhari: usitamke neno mnyapara mezani. Ukibanwa utafsiri, sema “meneja”.

Nne, mwache apande cheo kidogo, kwa sababu alipanda. Kuanzia karne ya 12 na ya 13 mabwana walichoka na biashara ya kuhesabiwa mayai, wakaanza kuvunja mashamba yao makubwa na kuyakodisha. Aliyekuwa mnyapara akawa mpangaji, akabaki kwenye nyumba kubwa ya shamba na kulipa kodi. Niedersachsen na Westfalen walimtungia sheria zake kabisa, na vyeo vikapangwa kwa ukubwa wa shamba: Vollmeier alikuwa Meier kamili, na Halbmeier alikuwa nusu Meier. Usicheke, nusu Meier alikuwa mtu wa kuheshimika. Kisha tazama ujanja wa sheria hizo. Mwenye ardhi hakutaka shamba likatwekatwe, maana kodi ya vipande vipande ni tabu kuikusanya. Kwa hiyo mtoto mmoja alirithi shamba zima, na ndugu zake waliondoka na jina. Fanya hivyo kwa vizazi kadhaa na utaelewa nchi ilivyojaa kina Meyer wasio na hata jogoo. Na kwa kuwa kila pembe ilikuwa na Meier wake, ilibidi watofautishwe: Obermeier wa juu, Niedermeier wa chini, Kirchmeier wa penye kanisa, Bachmeier wa penye kijito, Steinmeier wa penye jiwe. Tahadhari: usiulize Obermeier ni mkubwa kiasi gani kuliko Niedermeier. Mmoja alikaa mlimani na mwingine bondeni, basi. Ila Obermeier hataki ijulikane.

Tano, usiulize kwa nini mababu walichagua jina hilo. Hawakuchagua. Jina la ukoo lilitokana na shida ya watu wengine. Kijiji kilikuwa na kina Johannes wengi, na mtu mwenye daftari la kodi alihitaji kujua Johannes gani ameshalipa. Akaandika: Johannes yule Meier, Johannes yule mfumaji, Johannes yule mfupi. Johannes mwenyewe hakuona haja. Mama yake alijua wa kwake ni yupi. Mtindo huo ulishika kwanza kwenye miji ya kusini na magharibi kuanzia karne ya 12, ukaenea polepole, na Friesland wengi walikaa bila jina la kudumu mpaka amri ya Napoleon ya 1811 ilipowalazimisha. Tatizo la kubandika jina kwa kazi ya baba ni kwamba mtoto naye ana akili zake. Punde Weber alikuwa anaoka na Becker anafuma, na daftari halikujali, maana daftari halifumi wala halioki. Chukua Joseph Meyer, aliyezaliwa Gotha mwaka 1796, mwanzilishi wa nyumba ya uchapishaji iliyotoa ensaiklopidia maarufu ya Wajerumani. Baba yake hakuwa mnyapara wa shamba lolote. Alikuwa fundi viatu. Tahadhari: ukimweleza Bwana Meyer kwamba jina lake ni kumbukumbu ya kodi, atauliza kama unafanya kazi idara ya mapato. Sema hapana mapema.

Sita, akikumbuka unatoka Afrika Mashariki atataja Kilimanjaro. Jiandae. Mjukuu wa Joseph Meyer, Hans Meyer wa Leipzig, alifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, baada ya wenyeji kuwapeleka na kuwabebea mizigo huko chini. Akakiita kilele hicho kwa jina la Kaisari Wilhelm. Zingatia jinsi jina la ukoo lilivyoamka siku hiyo: mnyapara alifika juu, akaandikisha mali kwa jina la bwana. Kilele kiliitwa Uhuru mwaka 1961, ingawa ncha ya juu kabisa ya Mawenzi bado inaitwa Hans Meyer, na Bwana Meyer analijua hilo. Ukitaka kumpunguza kasi, mtajie Johannes Rebmann, mmisionari aliyeona mwaka 1848 kwamba mlima huo una theluji, akaiandikia Ulaya. Rebmann ni jina la mtunza mizabibu. Mtu mwenye jina la shamba la zabibu akadai ameona theluji karibu na ikweta. Mabingwa wa jiografia wa London walikataa kumwamini kwa miaka. Baada ya hapo rudisha mazungumzo kwenye kodi. Kuanzia 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba katika koloni lao, na maakida na majumbe wakatumwa kuikusanya. Kazi ile ile ya maior, mahali papya. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani alikwenda Songea kuomba msamaha kwa maovu ya Vita vya Majimaji. Jina lake ni Frank-Walter Steinmeier, na ilikuwa nadra sana Meier kufika shambani yeye akiwa ndiye mwenye deni. Tahadhari: hapa mezani patakuwa kimya. Usikimbilie kuujaza ukimya huo. Ni wa kwao.

Saba, usitangaze asili kabla ya kujua ni Meyer wa kisima kipi. Jina hili lina visima viwili. Cha kwanza ni kile cha mayai na magunia. Cha pili ni jina la Kiebrania Meir, mwenye kuangaza, ambalo Wayahudi wa Ujerumani walilitumia karne nyingi kabla ya karani yeyote kuwafuata. Mwanachuoni mkubwa Meir wa Rothenburg alifariki mwaka 1293. Dola ya Austria ilipowaagiza Wayahudi wachukue majina ya ukoo ya kudumu mwaka 1787, na Prussia ikafuata mwaka 1812, Meyer lilikuwa tayari mdomoni: lilifanana na jina la babu na lilifanana na jina la jirani, karani akaridhika na nyumbani wakaridhika. Kwa hiyo kwa herufi peke yake huwezi kujua ni yupi. Wapo waliodai kujua. Ukitolewa kabatini mti wa ukoo uliochorwa kwa unadhifu wa kupita kiasi, angalia mwaka. Kati ya 1933 na 1945 mtumishi wa serikali alitakiwa kuthibitisha kwa hati kwamba mababu zake hawakuwa Wayahudi, na mapadre na wachungaji walishinda wakitoa nakala za vyeti vya ubatizo. Familia nyingi hazijawahi kuijua historia yao vizuri kama miaka ile. Nyingine zilijulikana vizuri mno, zikaorodheshwa, zikapelekwa kuuawa. Tahadhari: hii ndiyo hatua pekee ambayo ukinyamaza unafaulu. Wageni wengi hufeli hapa kwa kuuliza swali la nyongeza.

Nane, akikualika mkaangalie vitabu vya zamani, kubali. Kukataa ni utovu wa adabu. Kabla ya serikali kuanza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, Prussia mwaka 1874 na dola nzima mwaka 1876, kazi hiyo ilikuwa ya makanisa, na vitabu vingi viliungua katika Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Ndiyo maana koo nyingi zinaanza ghafla karibu na mwaka 1650, watu wazima tayari, wana ng'ombe na madeni. Vilivyosalia vingi vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Fungua ukurasa. Karatasi imegeuka rangi ya chai, wino umekuwa wa kahawia, na mstari mzima ni vijiti vilivyolala upande mmoja. Hayo ni maandishi ya Kurrent. Humo e ni vijiti viwili, n ni vijiti viwili, na u ni vijiti viwili vyenye kikunjo juu, kama mchungaji alikumbuka kukiweka. Meyer husomeka Mnynr. Pembeni kuna doa la nta ya mshumaa, na doa limeangukia mwaka. Ukivumilia, utampata mtu wako: kabatizwa Meier, kaoa Meyer, kazikwa Maier. Mtu mmoja, parokia moja, wachungaji watatu, kila mmoja ameandika alivyosikia, na marehemu hakuulizwa. Tahajia ilikuja kuganda pale tu ofisa wa serikali alipoiandika. Iliyokuwepo siku hiyo ndiyo iliyobaki. Tahadhari: Bwana Meyer atautazama ukurasa wa ubatizo kwa muda mrefu, kisha atatangaza kwamba mchungaji alikuwa mlevi. Kubaliana naye, maana marehemu mchungaji hana wa kumtetea.

Tisa, shika mkono wake unapoelekea kwenye pochi. Wapo wafanyabiashara watakaomuuzia “ngao ya ukoo wa Meyer”, yenye simba, mashuke ya ngano na cheti chenye muhuri mwekundu. Ngao ni ya familia moja mahususi na vizazi vyake, haifuati jina. Kuwauzia kina Meyer wote ngao moja ni kuuzia mtaa mzima hati ya nyumba moja. Na hata ikiwa ya kweli haithibitishi utukufu: Ujerumani mafundi wa mijini na wakulima nao waliruhusiwa kuwa na ngao. Akikuuliza mbona jirani yake anaitwa König, yaani mfalme, na mwingine Kaiser, mpoze. Mababu wa watu hao walicheza mfalme kwenye igizo, au walishinda shindano la kulenga shabaha, au walimlimia mfalme shamba, au walitembea kwa maringo tu kijiji kikawachoka. Waliotaka ukubwa wa uhakika walipita njia nafuu zaidi, Kilatini. Georg Bauer, mkulima kwa jina, alikwenda shule akawa Georgius Agricola, na kitabu chake cha madini cha 1556 kikasomwa Ulaya nzima. Agricola ni mkulima yule yule, kavaa joho. Watoto wa kina Schulz wakawa Praetorius. Mama yake mshairi Goethe alizaliwa Textor, na nyuma ya Textor kuna Weber na kitanda chake cha kufumia. Tahadhari: ngao atainunua. Utaiona ukutani ukirudi, juu ya televisheni, nawe utasema imependeza.

Kumi, usicheke Wajerumani wenzake wanapolitumia jina lake kama kejeli. Jina likienea sana huishia kubandikwa kila tabia. Mjuaji wa kila kitu ni Schlaumeier. Mwoga ni Angstmeier. Mtu anayependa vikao, katiba za vyama na nafasi ya mweka hazina ni Vereinsmeier. Mtu akitaka kuapia jambo lisilowezekana husema: likitokea, niiteni Meier. Inasimuliwa kwamba Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, aliapa hivyo kuhusu ndege za adui kufika Ujerumani. Zilipofika, na zilifika kwa mamia, watu mitaani wakatimiza ahadi kwa niaba yake, wakamwita Meier. Na mwaka 1855 waandishi wawili, Ludwig Eichrodt na Adolf Kussmaul, walianza kuchapisha mashairi ya mwalimu wa kijijini wa kubuni, mpole, anayeridhika na bustani yake na chumba chake. Walimwita Biedermaier, kwa “ai”. Baadaye jina lake likabandikwa zama nzima, 1815 hadi 1848, pamoja na viti na makabati yake, na lilipobandikwa likaandikwa Biedermeier, kwa “ei”. Meier wa kubuni, asiye na ofisa wala mchungaji, naye alibadilishiwa herufi. Tahadhari: Bwana Meyer atakusimulia kichekesho hiki mwenyewe na kucheka sana. Hiyo si ruhusa ya wewe kukirudia.

Mwisho, nenda ukaandikishwe wewe. Somo lote lilikuwa maandalizi ya siku hii. Pasipoti yako ina majina matatu: lako, la baba na la babu. Fomu ina visanduku viwili, cha jina la kwanza na cha jina la ukoo. Ofisa ni mpole. Atakuuliza lipi ni la ukoo. Utamweleza kwamba la tatu ni la babu yako, kwamba baba yako alikuwa na la tatu jingine, na kwamba mwanao atakuwa na mengine. Atakusikiliza mpaka mwisho, atakushukuru, na atauliza tena lipi ni la ukoo. Nyuma yako foleni imefika mlangoni. Tuseme babu yako alikuwa akitengeneza baiskeli chini ya mwembe, watu wakamwita Fundi, na Fundi likaingia kwenye vyeti. Utaonyesha hilo kwa kidole. Ofisa atalipiga kwenye kompyuta, na mambo yamekwisha. Mwanao atakuwa Fundi, mjukuu wako Fundi, kitukuu wako ataajiriwa benki na kutaja kwenye simu Frankfurt, Unna, Nürnberg, Düsseldorf, Ingelheim bila kuvuta pumzi, na katika ukoo mzima hapatakuwa na hata mmoja anayeweza kuziba pancha. Mgeni atawauliza mezani jina lao lina maana gani. Watajiweka sawa kitini na kusema: bingwa, mtaalamu.

Tahadhari ya mwisho: soma kila herufi kabla ya kutia sahihi. Hutasoma, kwa sababu foleni itakuwa inakutazama mgongoni. Ofisa ataandika Funti, nawe utagundua kadi ikishatoka, na kurekebisha kutahitaji cheti cha kuzaliwa cha babu, ambacho hakikuwahi kuwepo. Baada ya miaka 100 utakuwepo ukoo wa kina Funti wenye t, watu wenye msimamo, wasiotaka kabisa kuchanganywa na wale wenye d.